Pipa la Bi Tatu

Juzi mmoja wenu, nyie wakaguzi wa siku hizi, binti mpole ambaye hata mwaka hajamaliza kazini, alikuja kunitembelea huku Goba na simu yake kubwa kuliko kiganja. Akanionesha picha ya eneo lililosafishwa, imepigwa kutoka juu na kile kidude chenu kinachoruka. Udongo umesawazishwa, uzio umenyooka, kibao kimesimama. "Mama Saumu, umeiona kazi hiyo?" Nikamwambia nimeiona, imependeza. Kisha nikamuuliza nani anaishi nyuma ya uzio, wanachota maji wapi, na vitu vilivyotolewa humo ndani viliishia wapi. Akacheka kwa aibu, akasema hayo yako kwenye viambatisho. Nikamkaribisha chai na maandazi, tukaongea habari za mchumba wake. Alipoondoka nikatafuta daftari.

Basi ndiyo naandika, na msitegemee mpangilio. Kazi yangu mpaka nastaafu ilikuwa moja tu: serikali ikisema imesafisha mahali palipomwagika sumu, mimi natumwa kuangalia kama ni kweli. Mama yangu, Mungu amrehemu, aliwaambia mashoga zake kwamba mwanawe anakagua takataka. Nilikasirika sana siku niliyomsikia. Baadaye niliona hakukosea.

Nilianza wakati mashirika ya umma yanafungwa moja baada ya jingine. Zilikuwa enzi za ruksa. Madukani sabuni zimerudi, mitumba imejaa hadi barabarani, kila mtu anauza kitu. Huku nyuma maghala ya mashirika yakabaki na makufuli yenye kutu, na ndani yake kumelala dawa za kuulia wadudu, za pamba na za mikorosho, zimekwisha muda wake, mifuko imepasuka, mapipa yanavuja. Wafadhili wakaja, ukaundwa mradi wa kusafisha. Na ili mradi uendelee na awamu ya pili, lazima mtu athibitishe kwamba awamu ya kwanza imefanyika kweli. Mtu huyo nilikuwa mie.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Kapinga, fundi wa maabara, mtu wa Songea, mfupi, mwenye sweta. Ndiyo, sweta, Dar es Salaam, hata Januari. Tulimcheka mpaka tukachoka, na yeye alituacha tucheke. Kazi ya kwanza aliyonipa ilikuwa kuchukua sampuli za udongo na maji, Vingunguti, nyuma ya karakana moja iliyokufa. Nikajaza chupa kumi na mbili, nikaandika vibandiko kwa kalamu ya wino, mwandiko wangu mzuri wa shule ya wasichana. Njiani mvua ikanyesha. Nilipofika maabara vibandiko vyote vilikuwa bluu tupu. Hakunigombeza. Alizipanga chupa mezani akasema, "Nichagulie ya kisimani."

Sikuweza.

"Wanaokunywa kisima kile nao hawawezi kuchagua. Rudi."

Nikarudi siku ile ile, matope mpaka magotini, na penseli niliyoazima kwa karani. Mpaka leo kwenye pochi yangu mtakuta penseli. Nyie mna vibandiko vya mashine, vinasomwa kwa mwanga, vizuri sana, lakini wekeni na penseli.

Kuna mambo mengine aliyonifundisha ambayo sijayaona kwenye miongozo yenu. Usiulize watu wa mtaa kama wana tatizo. Mtu mstaarabu hawezi kumwambia mgeni kwamba ana tatizo, atakwambia hatujambo, tunamshukuru Mungu. Uliza kuku wao wanaishi muda gani. Uliza mbwa anakunywa maji wapi. Nenda saa wanawake wanapochota maji, na usiende na gari la ofisi, maana gari la ofisi likionekana nusu ya watu wanaficha na nusu wanaongeza. Ukipewa kigoda, kaa. Na kuhusu maji ya kunywa, mwongozo ulisema mkaguzi asile wala asinywe chochote eneo la kazi. Nami nimezaliwa pwani, nimelelewa Temeke. Kuingia nyumbani kwa mtu na kukataa maji yake ni bora usingeingia. Hilo ndilo linaloniingiza kwenye habari ya Bi Tatu.

Ghala lilikuwa Yombo. Mradi ulizitoa dawa zote, ukazifungasha upya ili zisafirishwe kwenda kuteketezwa. Yakabaki mapipa ya zamani ya chuma, matupu. Mwongozo ukasema kila pipa tupu litobolewe matundu mawili kwa tindo, ili mtu asiweze kuliwekea maji wala chakula, kisha yapelekwe kuyeyushwa. Mapipa yale nilikuwa nimeyaandika namba mwenyewe kwa rangi nyeupe, nisije nikahesabu moja mara mbili. Siku ya ukaguzi nikayakuta yamelazwa nyuma ya ghala, kila moja na matundu yake. Nikavaa glavu, nikaingiza kidole kwenye kila tundu, nikatia alama kwenye orodha. Msimamizi wa mradi akaniambia lori la kuyabeba linakuja Jumatatu. Nikasema sawa. Nikaandika mapipa yote yameharibiwa, nikasaini, nikaenda zangu nyumbani nikiwa nimeridhika kabisa.

Hapa nawaruhusu mnicheke. Mtaalamu aliyeandika mwongozo alitoka nchi ambayo pipa lenye tundu ni takataka, na simlaumu. Lakini mimi nimekulia nyumba ambayo sufuria haikuwahi kutupwa. Mama alikuwa na moja ya maharage iliyozibwa mpaka viraka vikawa vingi kuliko sufuria yenyewe. Fundi bati akipita mtaani anagonga nyundo yake, kila nyumba ilitoa chombo: karai, beseni, ndoo, kandili ya bibi. Nilijua tangu utotoni kwamba tundu la kidole, kwa fundi bati, ni kazi ya kumaliza chai haijapoa. Nilijua vizuri kuliko mtaalamu yeyote. Ila nilipoenda kazini nilijiona msomi, yale ya uani kwa mama nikayaacha nyumbani pamoja na khanga.

Mzee Kapinga aliisoma ripoti yangu yote, ukurasa kwa ukurasa, akalamba kidole kila anapofungua. Mwisho akauliza, "Lori uliliona?"

"Lilikuwa linakuja Jumatatu."

"Nimekuuliza kama uliliona, wewe."

Akaifunga ripoti.

"Nenda ukawaone majirani. Bila gari."

Ilinichukua miezi mitatu kwenda, maana niliudhika, na pia kazi zilikuwa nyingi. Ofisi ikisikia ripoti imesainiwa haipendi kusikia habari ya kurudi. Hatimaye nikaenda, Jumanne moja, na khanga zangu begani. Nyuma ya ghala hakuna hata pipa moja. Mlinzi akasema lori lilikuja. Lori la nani? Hajui, siku ile hakuwa zamu. Nikatembea mtaani, jua la saa saba linachoma, mpaka sauti ikaniita kutoka barazani.

"Wee mwana! Utaanguka na jua hilo. Njoo ukae."

Alikuwa mama mtu mzima, mnene, amejifunga khanga mbili, anachambua mchicha. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu. Wa wapi weye?" Wa Temeke. "Wa nani?" Nikamtaja mama. Hazikupita dakika mbili akawa ameshagundua kwamba dada yake na mama yangu walichezwa unyago mwaka mmoja, na tangu hapo nikawa mwanawe, sikuwa tena na ruhusa ya kuondoka. Jina lake Bi Tatu. Akaniletea maji kwenye kikombe cha bati kilichofunikwa kisahani. Yalikuwa baridi, matamu. Nikanywa, nikaomba mengine.

Bi Tatu ndiye aliyekuwa mtunza vyombo wa kikundi chao cha kufa na kuzikana. Kwa msiojua, kila mtaa una kikundi cha akinamama kinachomiliki vyombo vya shughuli. Ukiwa na harusi au msiba unakwenda kwa mtunzaji unachukua sufuria, majamvi, miiko. Huyo mtunzaji hachaguliwi hivi hivi. Anachaguliwa yule ambaye hakuna anayeona shaka kula mkononi mwake. Akanipeleka uani kunionesha vyombo, kwa fahari ya mtu anayeonesha wajukuu. Sufuria za pilau zimefunikwa. Majamvi yamekunjwa. Na pembeni, chini ya mlizamu wa bati, pipa la kijani lenye mfuniko wa mbao.

"Hili jipya. Tumelipata Vingunguti, kwa fundi mmoja karibu na machinjioni. Zamani tulikuwa tunahangaika na ndoo, sasa shughuli nzima maji yapo." Akalipiga kofi tumboni.

Ubavuni niliona viraka viwili vya mviringo, vimezibwa kwa risasi ya kuyeyusha, kazi safi sana. Umbali kati yake ni ule ule uliokuwa kwenye mwongozo. Nikachuchumaa. Chini, ambako rangi ya kijani ilikuwa nyepesi, namba ilikuwa inachungulia. Kumi na tisa. Ile tisa ina mkia uliopinda kwa ndani, ninavyoipinda mimi tangu darasa la kwanza.

"Mama, mmelitumia tangu lini?"

"Tangu baada ya Idi. Arusi mbili, misiba, na maulidi. Na Jumamosi hii namwozesha mjukuu wangu Pili. Utakuja, usinambie huji."

Sikujua nianzie wapi. Nikaanzia vibaya, kwa maneno ya ofisini, mabaki ya kemikali sijui nini, akaniangalia kama ninaongea Kichina. Ndipo nikamwambia kwa Kiswahili cha nyumbani: hili pipa liliwekwa sumu ya wadudu, mama.

"Lilioshwa hili! Mie mwenyewe nimelisugua kwa jivu, nikalitia ndimu, nikalijaza majani ya mwarobaini, likakaa juani siku saba. Ungeweza kulala humu ndani."

"Uchafu umeutoa. Sumu yake inakaa kwenye maungio ya chuma, jivu haliifikii."

Akakaa chini, juu ya sufuria iliyofunikwa. Akavuta khanga ikamfunika kichwa. Nilidhani analia, lakini alikuwa anafikiri.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi tu."

"Basi lichukue kimyakimya. Nitawaambia limeibwa. Mwanangu, watu wa mtaa huu wamekula na kunywa kwangu. Watoto wao. Wakisikia hili, nitatazamana nao vipi?"

Nisiwadanganye vijana, maneno yale yalinifariji. Pipa likiibwa, saini yangu inabaki salama. Nilirudi ofisini na wazo hilo mfukoni, na bosi wetu nilipomwambia akalipenda kuliko mimi. Akasema ripoti imeshafika kwa wafadhili, awamu ya pili iko njiani, pipa moja lisituharibie jina. "Lipige bapa, yaishe, Saumu." Alikuwa mtu mwema, alinisaidia sana nilipojifungua, na alikuwa na hofu ya kweli kwamba mradi ukifa maghala mengine yote yatabaki yanavuja. Msidhani wanaowaambia mnyamaze watakuwa na pembe.

Lakini yale mengine? Kumi na tisa ilikuwa moja tu. Mengine yote bila shaka yalikuwa yamezibwa vizuri hivyo hivyo, yako uani kwa watu nisiowajua, na mimi nimeandika yameharibiwa. Nikienda peke yangu kuyatafuta, na karatasi ya serikali, hakuna mwanamke atakayenionesha pipa lake. Wa kuyapata ni akinamama wenyewe. Na akinamama wangesikia ya pipa, wangesikia na ya Bi Tatu.

Alhamisi nikarudi kwake na Mzee Kapinga. Alikaribishwa, akapewa kigoda, akapewa maji, ya dukani safari hii. Bi Tatu alikuwa hajalala vizuri, uso umemvimba. Nikamwambia sitaki kulichukua kimyakimya na kwa nini sitaki. Akanigeuzia kisogo. Ndipo Mzee Kapinga akapandisha mikono ya sweta lake. Miaka yote ile sikuwahi kuiona mikono yake. Ngozi ilikuwa imekunjamana kuanzia viganjani mpaka juu ya viwiko, imepauka, haina hata unywele.

"Mama, hii ni kazi ya debe la dawa," akasema. "Nilipokuwa kijana. Niliambiwa limeoshwa. Na aliyeniambia alikuwa rafiki yangu, alikuwa amelisugua mwenyewe, kwa mikono yake. Nilimficha kwa wakubwa, nikasema nilijimwagia. Madebe mengine yakaendelea kutumika. Mwenzetu mmoja yakampofusha macho."

Bi Tatu akamshika mkono, akaupitishia kidole taratibu, kama anavyokagua mama kidonda cha mwanawe. Nilimwonea huruma mpaka nikatamani kumwambia basi tuache. Mwisho akainuka, akatoka barazani, akamwita jirani kwa sauti: "Waambie wanachama wote. Kesho baada ya swala. Kwangu."

Ijumaa wakajaa uani, kama wanawake thelathini, na pipa katikati. Nilikuwa nimeandika hotuba, sikuisoma. Nikasema mimi ni mtumishi wa serikali, kazi yangu ilikuwa kuhakikisha mapipa haya hayatafika majumbani. Nikasema niliingiza kidole kwenye matundu nikasaini, lori sikulisubiri. Nikawaonesha namba, nikaandika tisa nyingine mchangani kwa kidole, wakalinganisha.

Mmoja akasimama. "Kwa hiyo tumekuwa tukinywa sumu kwa Bi Tatu?"

"Si kwa Bi Tatu. Mmekunywa kwa saini yangu. Yeye aliletewa pipa, akaliosha kwa moyo wake wote. Mimi nililetewa orodha, sikuifuata mpaka mwisho. Kama mna wa kumwuliza, mniulize mie."

Waliniuliza, na kweli waliniuliza! Nilisemwa siku ile na watu ambao mpaka leo nikikutana nao sokoni nainamisha kichwa. Lakini hasira ilipopungua, yule yule aliyesimama akasema dada yake kule Vingunguti ana pipa lenye viraka viwili. Mwingine akasema shemeji yake. Kabla ya jua kutua nilikuwa na majina ambayo ofisi yetu isingeyapata mwaka mzima. Mzee Kapinga akaomba nyundo kubwa, akavua sweta, akalipiga lile pipa mpaka likawa bapa mbele ya macho ya wote, jasho linamtoka. Fundi bati mmoja alikuwa amesimama mlangoni, anaangalia chuma kizuri kinavyoharibiwa, anatikisa kichwa kwa uchungu.

Kwa kuwa najua mtauliza, niwaambie yaliyonipata. Niliandika ripoti mpya ya kuifuta ile ya kwanza. Nikahamishiwa masijala, nikapanga mafaili karibu miaka miwili. Mzee Kapinga alinitembelea kila Ijumaa na karanga za kukaanga kwenye karatasi, tukacheka. Kisha alikuja bosi mwingine, akaisoma ile ripoti, akanirudisha. Mwongozo ukabadilishwa: pipa halitobolewi, linapigwa bapa, na mkaguzi anasimama hapo hapo mpaka la mwisho. Mkiona kipengele hicho mnakiona cha kuchosha. Siku mojamoja mnakiruka, nimesikia. Msikiruke.

Lakini nilitaka kuwaambia ya Jumamosi.

Nilikwenda kwenye harusi ya Pili kwa hofu. Nikavaa gauni langu la sikukuu, nikakaa barazani pembeni, na wageni. Maji hayakukosekana. Kila nyumba ilileta ndoo yake, imefunikwa sahani na kufungwa kitambaa, zimepangwa safu mpaka mlangoni, na kila ndoo ina mwenyewe. Niliwaza nitapewa chakula kwa heshima, nitakula, nitaaga. Bi Tatu akatokea na mbuzi ya kukunia na nazi mbili, akaviweka miguuni pangu.

"Umekuja kukaa?"

Nikapandisha gauni, nikakalia mbuzi, nikaanza kukuna. Mgeni ndiye hukaa. Nilishukuru mpaka macho yakaniuma, nikasingizia moshi. Yeye akakaa karibu yangu na nazi yake, akakuna kidogo, akaacha.

"Unamwona yule anayechambua mchele? Mwajuma. Mimba zake mbili zimetoka mwaka huu. Ya kwanza pipa lilikuwa bado. Ya pili lilikuwepo, alikuwa anakuja kunisaidia kwenye shughuli, anakunywa humo. Ilipotoka nikampikia uji siku tatu. Kwa maji hayo hayo." Akashusha pumzi. "Weye umesoma. Nambie. Ni pipa?"

Vijana, nilikuwa na maneno ya kumfariji. Ya kwanza ilitoka kabla, ningesema, kwa hiyo huenda ana tatizo lake. Ningesema alikunywa kidogo. Nayo ni maneno ya kweli, kila moja. Nilimtazama yule mama aliyekuwa radhi kusikia lolote.

"Sijui, mama."

"Hujui?"

"Sijui. Na sasa hakuna atakayejua. Ilitakiwa maji yale yapimwe wakati ule, na wa kuyapima nilikuwa mimi."

Akaiweka nazi yake kando. Kisha akanishika mkono, vidole vyangu vikiwa na nazi niliyokuna, akaniinua. "Basi njoo ukamwambie hivyo hivyo. Mie tangu jana nashindwa hata kupita alipo."

Mwajuma alikuwa kijana, mwembamba, amekaa peke yake kwenye jamvi na sinia la mchele mapajani. Nikachuchumaa mbele yake, nikamwambia yote niliyomwambia Bi Tatu, bila kupunguza. Vidole vyake viliendelea na mchele. Akatoa kijiwe, akakitupa pembeni.

"Jana nilikuwepo, dada. Nilisikia," akasema. Hakunitazama tena. Alimwinulia macho Bi Tatu, aliyesimama nyuma yangu na khanga mdomoni. "Bibi, siku tatu zile mawifi zangu walisema nimerogwa, hawakuvuka kizingiti. Hata mama mkwe. Aliyekuja na uji ni weye."

"Ndo uji huo nnaousema, mwanangu."

"Nami ndo nnaousema. Wanangu hawa wawili wameshaniacha. Na weye ndo wataka kuniacha? Toka jana wanikwepa."

Bi Tatu akaitoa khanga mdomoni. Akajishusha taratibu, kwa magoti yake mabovu, mpaka akakaa kwenye jamvi. Mwajuma akasogea kumpa nafasi, akamimina nusu ya mchele kwenye sinia jingine, akamwekea mapajani. Wakaendelea kuchambua, mabega yamegusana. Mimi nikarudi kwenye nazi zangu, maana wapishi walikuwa wameshaanza kuulizia tui.